Mgeni akishalipa, haki zake za ugeni zimekwisha?

Ndugu msomaji, wazee wetu walikuwa na kauli kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kauli hiyo ilikuwa na maana yake katika zama ambazo mgeni alifikia kwa ndugu, akala kilichopo, akalala kwenye mkeka pamoja na watoto wa nyumba, kisha naye akatarajiwa kushika kazi kama wenzake. Leo katika jiji la Dar es Salaam yuko mgeni wa aina nyingine. Huyu hawezi kupewa jembe siku ya tatu, kwa sababu amekwishalipa hata kabla hajafika. Amemtafuta mwenyeji wake kwa simu, ameona picha za chumba, amesoma maoni ya waliomtangulia, kisha anashuka uwanja wa ndege, au kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, akiwa na ramani tu inayompeleka kwenye nyumba ya mtu asiyemjua.

Biashara hii ina jina maarufu, Airbnb, ingawa kampuni zinazoifanya ni nyingi. Airbnb ilianza mwaka 2008 kule San Francisco, Marekani, baada ya vijana wawili kukodisha magodoro ya upepo ndani ya nyumba waliyopanga, wakati ambapo hoteli za mji zilikuwa zimejaa kwa sababu ya mkutano. Kampuni haimiliki vyumba hivyo. Inamkutanisha mwenye chumba na mwenye haja ya chumba, inapokea malipo na inachukua sehemu yake.

Hapa kwetu biashara hiyo imeingia Mikocheni, Mbezi Beach na Kunduchi, ikafika Tegeta, na kwa upande wa Temeke utaikuta Chang'ombe, Mtoni hadi Mbagala. Wenye nyumba wengi si matajiri. Kuna mzee mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo chake, kuna mjane aliyebaki na nyumba ya mirathi, na kuna kijana aliyepanga nyumba kwa mwezi naye akaipangisha kwa siku. Wageni nao ni wa kila namna: mfanyabiashara wa Lubumbashi anayefuata bidhaa Kariakoo, familia ya Kikomoro iliyoleta mgonjwa, mtu wa Kigoma aliyekuja Sabasaba, mtalii anayepumzika siku mbili kabla ya kuvuka kwenda Zanzibar. Agosti 2025 mashindano ya CHAN yalipochezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke ilipokea wageni. Na mwaka 2023 CAF iliipa Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Kwa hiyo jambo hili linazidi kukua.

Swali letu katika makala haya ni la kimaadili. Mgeni akishalipa, je, bado ni mgeni? Au amegeuka mteja tu, ambaye haki zake zinaishia kwenye risiti? Wapo wenye nyumba wanaosema, "Kalipia chumba, kapewa chumba, mengine anatafuta nini?" Na wapo wageni wanaosema, "Nimelipa, nifanye nitakavyo." Kauli hizi mbili zinaonekana kugombana, lakini ni mapacha. Zote zinadai kuwa pesa ikishapita, adabu imekwisha kazi.

Kuchukua ujira si dhambi

Tuanze kwa kuondoa shaka moja. Wapo Waislamu wanaoona aibu hata kuitaja biashara hii, wakidhani kumtoza mgeni ni kuuza ukarimu. Suala hili halikuanza na intaneti. Mafakihi walilijadili karne nyingi zilizopita kuhusu nyumba za Makka. Aya ya 25 ya Suratul Hajj inaeleza kuwa katika Msikiti Mtukufu mkazi na anayetoka mbali wako sawa. Kwa kuzingatia aya hiyo, imepokewa kwamba Imam Abu Hanifa alichukia wenyeji wa Makka kutoza kodi za nyumba kwa mahujaji katika msimu wa Hija. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu katika mwambao huu, aliruhusu. Miongoni mwa hoja zake ni Hadithi ya Usama bin Zayd, ambamo Mtume (s.a.w.) aliulizwa atafikia wapi Makka, naye akajibu kwa kuashiria kuwa Aqil hakuwaachia nyumba. Imam akaona kuwa hiyo ni dalili kwamba nyumba za Makka zilikuwa mali za watu, zikimilikiwa na kuuzwa.

Ikiwa hata Makka kwenyewe kulikuwa na ruhusa kwa mtazamo wa Imam mkubwa kama huyo, basi Tandika na Tegeta hakuna ubishi. Kukodisha nyumba ni ijara, na ijara ni halali. Lakini tuangalie walichokuwa wakibishania mafakihi hao. Walibishana kama mwenyeji anaweza kuchukua ujira. Hawakusema kwamba akishauchukua, wajibu wake kwa mgeni unaanguka. Tena katika ijara kinachouzwa ni manufaa. Kuta hubaki za mwenyewe, na mgeni hununua kule kukaa, kulala, kuoga na kuwa salama kwa muda waliokubaliana. Manufaa yakikosekana, mwenye nyumba hana alichouza, na pesa aliyoishika ina mashaka.

Mwambao uliyajua haya zamani

Wala tusidhani kuwa kuchanganya ugeni na biashara ni jambo la kigeni kwetu. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alipopita mwambao huu mwaka 1331 alieleza utaratibu alioukuta Mogadishu. Meli ilipotia nanga, vijana wa mji waliiendea kwa vijahazi, kila mmoja na chombo cha chakula kilichofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja wa melini na kumtangaza kuwa ndiye mgeni wake. Mfanyabiashara huyo alifikia kwa mwenyeji huyo, isipokuwa yule aliyekwishauzoea mji na kuwajua watu wake. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozihitaji. Na aliyemlalia mgeni kwa bei, au aliyemuuzia kitu bila mwenyeji wake kuwapo, biashara yake haikukubaliwa.

Hapa pana somo kubwa. Mwenyeji yule wa Mogadishu alikuwa na maslahi katika mgeni wake, wala hakujificha. Lakini maslahi hayo yalimfanya awe ngao ya mgeni mbele ya mji mzima. Faida yake iliongeza dhamana yake, haikuipunguza.

Hali kadhalika majumba ya mawe ya Lamu yalikuwa na sabule, chumba cha kumpokelea na kumlaza mgeni mfanyabiashara, kilichotengwa na sehemu ya ndani ya wanawake. Mgeni alipata faragha yake, na watu wa nyumba wakapata yao. Wajenzi wale walifahamu kwamba kumkaribisha mtu usiyemjua kunahitaji heshima iliyowekwa hata katika kuta. Jina hilo tunalo hadi leo katika "sebule" zetu. Je, tunayo na ile heshima?

Picha nzuri, simtanki tupu

Tuje sasa kwenye malalamiko yanayosikika mara nyingi. Mgeni ameona picha ya chumba kikubwa, kitanda cheupe, feni na kiyoyozi. Anafika anakuta chumba ni kidogo kuliko kilivyoonekana, kiyoyozi kipo lakini LUKU imebaki na yuniti tatu, bomba linatoa hewa, na simtanki lililoko juu halijajazwa tangu juzi. Akimpigia mwenye nyumba, anajibiwa kuwa maji ni tatizo la jiji zima, kana kwamba yeye hakulijua tatizo hilo wakati anapiga picha.

Ni kweli kwamba mwenye nyumba hawezi kulaumiwa kwa kila kitu. Dar es Salaam ilipata mgao mkali wa maji mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua, na mwishoni mwa mwaka 2023 tukaishi na mgao wa umeme. Hakuna mwenye chumba Mwananyamala aliyesababisha hayo. Lakini hoja yetu haiko kwenye nani aliyekata maji. Hoja ni nani aliyejua kuwa maji hukatika, na akanyamaza.

Hapa tukumbuke kisa cha muuza nafaka sokoni Madina. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu chini. Alipomuuliza mwenye mali, akaambiwa ni mvua iliyoinyeshea. Tazama, ndugu msomaji, mvua haikuwa kosa la muuzaji, na Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimlaumu kwa kuiweka nafaka iliyolowa chini badala ya juu ambako watu wangeiona, kisha akamkana mwenye kughushi. Mwenye chumba cha kulala wageni naye anayo nafaka yake iliyolowa: maji ya siku mbili kwa wiki, barabara isiyopitika masika, ukumbi wa muziki ng'ambo ya ukuta, ngazi za ghorofa nne asizoziweza mgonjwa. Aiweke juu. Aandike kwenye tangazo lake kwamba maji hutoka siku kadhaa tu, na kwamba analo tangi la lita elfu moja, hulijaza kabla mgeni hajaingia. Huenda akapoteza mgeni mmoja. Lakini atakayekuja atakuja kwa ridhaa, na ridhaa ndiyo inayohalalisha bei.

Jambo jingine katika mlango huu ni ubaguzi wa wageni. Kuna mwenyeji ambaye mgeni mzungu akilalamika kuhusu mbu, chandarua kipya kinafika ndani ya nusu saa, na mfanyabiashara wa Tunduma akilalamika vivyo hivyo huambiwa afunge madirisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walifanya jaribio mwaka 2015 katika miji kadhaa ya Marekani na kukuta kuwa maombi ya kupanga yenye majina yanayofahamika kuwa ya Wamarekani weusi yalikubaliwa kwa kiwango kilicho pungufu kwa asilimia 16 hivi, ukilinganisha na maombi yale yale yenye majina ya kizungu. Sisi tunalaani ubaguzi huo ukifanywa dhidi yetu ughaibuni. Tukiufanya wenyewe Kinondoni dhidi ya mtu wetu wa mikoani, tutauita jina gani?

Nyota ni ushahidi

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi wanalichukulia kama mchezo, nalo ni nyota. Mgeni akiondoka huulizwa ampe mwenyeji nyota ngapi kati ya tano, na aandike maneno machache. Mwenyeji naye humwandikia mgeni. Katika utaratibu wa Airbnb, kila upande una siku 14 za kuandika, na maandishi ya mmoja hayaonekani kwa mwenzake mpaka wote wawili wawe wameandika au muda uwe umekwisha. Utaratibu huo uliwekwa ili watu wasilipiziane kisasi.

Pamoja na hayo, ukweli haupatikani kwa urahisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walikuta mwaka 2015 kwamba karibu asilimia 95 ya nyumba katika Airbnb zilikuwa na wastani wa nyota nne na nusu au tano. Je, dunia imejaa wenyeji wema kiasi hicho? Kwa sehemu kubwa ni haya. Mtu ameonana na mwenye nyumba uso kwa uso, ameletewa chapati asubuhi, anaona vibaya kuandika kuwa godoro lilikuwa limebonyea. Tena mwenyeji anayetaka daraja la juu la kampuni hiyo hutakiwa awe na wastani usiopungua 4.8, hivyo nyota nne, ambazo mtu wa kawaida angezihesabu kuwa ni sifa, kwake ni hasara. Wapo wanaombembeleza mgeni mlangoni, "Tafadhali usiniharibie, nipe tano." Na wapo wanaowaomba shemeji na binamu waandike sifa za chumba ambacho hawajawahi kulala.

Tujiulize, nyota tano ni kitu gani? Ni maneno ya mtu anayesema: mimi nilikuwapo, niliona, na ndivyo ilivyokuwa. Huo ni ushahidi. Na anayesikiliza ushahidi huo si mwenyeji aliyekuletea chapati. Ni mama mwenye mtoto mgonjwa huko Moroni, anayechagua chumba usiku akitegemea maneno yako, na ambaye hana njia nyingine ya kujua kama choo kinafanya kazi. Ukiandika tano kwa haya, umemhurumia unayemwona kwa kumdhulumu usiyemwona. Sote tunajua jinsi dini yetu ilivyokemea ushahidi wa uongo, na hatujawahi kufundishwa kwamba makemeo hayo yanaishia kwenye milango ya mahakama.

Atasema mtu, "Lakini kumtaja mtu kwa ubaya ni kusengenya." Ni hoja ya haki na ina majibu. Imam Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ametaja mambo sita yanayoruhusu kumsema mtu asiyekuwapo, na miongoni mwake ni kuwatahadharisha Waislamu na shari na kumshauri anayetaka kuingia katika muamala na mtu. Anayesoma maoni kabla ya kulipa ni mtu anayeomba ushauri. Basi mshauri kwa uadilifu. Sema maji yalikatika siku mbili kati ya tatu, usiseme mwenye nyumba ni tapeli ikiwa hukuthibitisha. Sema uliyoyaona, acha uliyoyadhani. Na kama dosari ni ndogo na inarekebishika, mwambie mwenyewe kwanza faraghani, umpe nafasi ya kuitengeneza.

Jicho ndani ya chumba

Kuna haki moja ambayo nyota haziwezi kuipima, kwa sababu mgeni anaweza kudhulumiwa bila kujua. Nayo ni faragha. Kamera ndogo za siku hizi hujificha ndani ya saa ya mezani au kifaa cha kugundua moshi. Machi 2024 Airbnb ilitangaza kupiga marufuku kamera zote za usalama ndani ya nyumba, hata zile zilizotajwa wazi kwenye tangazo, na marufuku hiyo ikaanza tarehe 30 Aprili mwaka huo. Sisi tuliambiwa tusipelelezane na tusiingie nyumba zisizo zetu bila hodi, na maneno hayo yamo katika Suratul Hujurat na Suratun Nur. Chumba ulichokipangisha kwa siku tatu, kwa siku hizo tatu si chako. Ufunguo wa akiba ulio nao ni amana.

Lakini hapa mwenye nyumba Mwislamu ana wasiwasi wa kweli, na tusiupuuze. Majirani wananung'unika kwamba apatimenti hizi zimekuwa gesti bubu, kwamba watu huingia na kutoka usiku, kwamba mtaa unaharibika na watoto wanaona. Anaogopa kushiriki katika dhambi. Afanye nini? Ana haki kamili ya kuweka masharti kabla ya kupokea pesa, na ayaandike waziwazi: nyumba ya familia, hakuna pombe, wanaolala waandikishwe majina, wageni wa ziada hawaruhusiwi. Anayeona masharti hayamfai atakwenda kwingine. Asichoweza kufanya ni kupokea pesa kimyakimya, kisha akageuka askari wa dirishani.

Yasimuliwa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) aliruka ukuta usiku akamkuta mtu katika maasi, na mtu yule akamjibu kuwa yeye kaasi mara moja, lakini Khalifa kaasi mara tatu: kapeleleza, kaingia kwa ukutani, na kaingia bila ruhusa wala salamu. Umar akamwacha. Ikiwa Amirul Muuminina alikubali hoja hiyo, mwenye chumba Mbezi Beach atadai mamlaka gani? Mlango wa masharti uko mwanzoni. Ukiupita bila kusema neno, usitafute dirisha.

Na mgeni naye

Haki hizi hazitembei upande mmoja. Mtume (s.a.w.) aliyetuhimiza kumkirimu mgeni kwa siku tatu, katika mafundisho hayo hayo alimkataza mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Mgeni anayelipa anaweza kumdhikisha mwenyeji kwa njia nyingi: anaacha kiyoyozi kikiwaka kutwa naye yuko Kariakoo, anasema watu wawili analaza sita, anavunja na kuficha, au anatishia kuandika maoni mabaya ili arudishiwe pesa asiyostahiki. Hilo la mwisho ni kula mali ya mtu kwa batili, hata kama limefanywa kwa kidole juu ya kioo cha simu. Yule mjane mwenye nyumba ya mirathi hana idara ya sheria. Maneno matatu ya uongo yanaweza kumfungia riziki ya mwezi mzima.

Tukirudi kwenye swali letu, malipo hununua vitu vinavyohesabika: kitanda, usiku tatu, umeme, taulo mbili. Usalama wa mgeni, ukweli wa tangazo na sitara ya chumba havikuwekewa bei, kwa sababu ni haki ya kila anayelala chini ya dari ya mwenzake, awe amelipa au hajalipa. Kwa kuwa havikuuzwa, malipo hayawezi kuvifuta. Mgeni wa bure akikosa maji ya kuoga atavumilia, kwa kuwa anakula ihsani ya mwenyeji. Anayelipa akikosa, anamdai. Kwa hiyo kulipa hakukumtoa mtu katika ugeni. Kumemwongezea daraja, akawa mgeni na mdai kwa pamoja.

Ndugu mwenye nyumba, kabla mgeni wako wa kesho hajafika, panda juu ulitazame lile simtanki, na umwachie mezani karatasi inayoonesha kibla kiko upande gani na msikiti uko wapi. Nawe ndugu mgeni, ukiondoka zima taa, kisha andika kweli.

Wallahu a'alam.